Barua ya wazi kwa wasimamizi wa elimu Dar es Salaam: kamati za shule zipewe kauli kabla ya mlipuko ujao

Kwa Waheshimiwa Wakurugenzi wa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na Halmashauri za Manispaa za Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni;
Kwa Maafisa Elimu Msingi na Maafisa Elimu Sekondari wa halmashauri hizo;
Nakala kwa Ofisi ya Rais – Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, Dodoma.

Yah: Nafasi ya kamati na bodi za shule katika kufunga na kufungua shule wakati wa magonjwa ya mlipuko

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa mzazi mwenye watoto katika shule za Serikali hapa Dar es Salaam, na nikiwa niliyewahi kuchaguliwa na wazazi wenzangu kuwa mjumbe wa kamati ya shule ya msingi. Nilikuwa kwenye nafasi hiyo mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19 na zilipofunguliwa tena. Ombi langu ni moja, na mengine yote nitakayoyaeleza hapa yanalitumikia hilo: kwamba pindi ugonjwa wa mlipuko utakapotulazimisha kufunga shule tena, kamati ya kila shule ipewe taarifa, muda na fedha kabla ya milango kufunguliwa, na iwe na kauli inayotambulika rasmi kuhusu namna shule yake itakavyofunguliwa.

Naliandika hili wakati hakuna dharura kwa makusudi. Utaratibu unaotungwa ugonjwa ukiwa umeshaingia mtaani hutungwa kwa hofu na kwa haraka, na aghalabu hutungwa mbali na shule. Wala hatuwezi kujiambia kwamba yaliyotokea mwaka 2020 hayatarudi. Mapema mwaka 2024 jiji hili lilipata mlipuko wa macho mekundu, na kila mzazi anakumbuka jinsi watoto walivyoambukizana kutoka dawati moja hadi jingine. Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa mkoani Kagera kwa mara ya pili ndani ya miaka 2, na Machi mwaka huohuo Wizara ya Afya ikatangaza wagonjwa wa Mpox nchini. Kipindupindu nacho kimezoea kututembelea tangu zamani, hasa mvua zinapofurisha vyoo vya mabondeni. Dar es Salaam ni mji wa bandari, wa uwanja mkubwa wa ndege na wa mabasi yanayotoka kila kona ya nchi na nchi jirani, kwa hiyo ugonjwa wowote unaosafiri na watu utafika hapa mapema.

Nianze kwa kukumbusha mtiririko wa mambo ulivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa Machi 16, 2020, na kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule zote kuanzia za awali hadi kidato cha sita. Tuliambiwa ni siku 30, kisha muda ukaongezwa. Vyuo na wanafunzi wa kidato cha sita walirejea Juni 1. Juni 16, Rais John Magufuli, alipokuwa akilihutubia Bunge mjini Dodoma, alitangaza kwamba shule nyingine zote zingefunguliwa Juni 29, na tarehe hiyo ikawa ndiyo ya kila shule, ya Kigoma na ya Kariakoo, yenye wanafunzi 200 na yenye maelfu.

Nataka ieleweke kwamba sipingi uamuzi wa kufungua. Naamini hadi leo kwamba kuwarudisha watoto darasani mwaka ule lilikuwa jambo sahihi. Wenzetu wa Kenya walikaa hadi Oktoba 2020 ndipo wakarudisha madarasa machache, na shule zao hazikufunguka zote hadi Januari 2021. Uganda ilisubiri hadi Januari 2022 ndipo ikafungua zote, karibu miaka 2 tangu ilipofunga, na wako watoto ambao hawakurudi tena. Sisi huku Taasisi ya Elimu Tanzania iliandaa vipindi vya masomo na TBC ikavirusha, na waliofanya kazi hiyo wanastahili shukrani. Lakini mtoto wa darasa la pili anayeishi chumba kimoja na familia nzima, ambaye redio ya nyumbani huondoka na baba kwenda kazini, hakupata shule kwa njia hiyo. Wasichana wengine walikuwa wakiuza maandazi barabarani saa za masomo, na wengine walipatwa na makubwa zaidi. Kila wiki ya kufunga ilikuwa na gharama, na gharama hiyo ilibebwa zaidi na watoto wa maskini.

Hoja yangu inahusu siku 13 zilizokuwa kati ya Juni 16 na Juni 29. Katika siku hizo, nani aliulizwa kama shule fulani ina maji? Nani alihesabu matundu ya vyoo? Nani aliwaita wazazi akawaeleza mtoto akianza kukohoa darasani apelekwe wapi, na mzazi apigiwe simu na nani? Kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, kila shule ya msingi ina kamati na kila sekondari ina bodi. Vyombo hivyo viliwekwa ili watu wa eneo husika wawe na mkono katika uendeshaji wa shule yao, na wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) mwanzoni mwa miaka ya 2000 kamati zilipewa kazi nzito za mipango, ujenzi na usimamizi wa fedha. Wakati wa uamuzi mgumu kuliko yote yaliyowahi kuzikabili shule zetu, vyombo hivi havikuwa na kazi yoyote iliyoandikwa.

Katika shule niliyokuwa mjumbe, hatukuitwa kabla ya kufunguliwa. Kikao chetu cha kwanza kilikaa masomo yakiwa yameshaendelea kwa wiki kadhaa, na karatasi ya agenda tuliyogawiwa ilikuwa na taarifa ya taaluma, maandalizi ya mtihani wa darasa la saba na ukarabati wa uzio. Suala la ugonjwa lilijitokeza kwenye “mengineyo”, mwishoni kabisa, baadhi ya wajumbe wakiwa tayari wamesimama kwa kuwahi shughuli zao. Simlaumu mwalimu mkuu wetu, maana naye alipokea maelekezo kama tulivyoyapokea sisi na alikuwa akihangaika na shule nzima. Ninachosema ni kwamba hakuna waraka uliomtaka atuite mapema, na asiyeagizwa kuita hawezi kulaumiwa kwa kutoita.

Matokeo yake tuliyaona getini. Ndoo za kunawia ziliwekwa, zile za plastiki zenye koki, juu ya viti vya chuma vilivyochomelewa kwa kimo cha mtu mzima, na watoto wa darasa la awali na la kwanza wakawa hawaifikii koki mpaka wainuliwe na mwenzao mkubwa. Sabuni ya mche ilikatwa vipande, ikatiwa ndani ya soksi na kuning'inizwa kwa kamba ili isiibiwe, na kufikia saa nne soksi ilikuwa imebaki tupu. Maji yalitekwa na wanafunzi wa darasa la sita kutoka bombani kwa jirani kwa sababu bomba la shule lilikuwa halitoi, jambo ambalo kila mzazi wa mtaa ule alilijua tangu mwaka uliotangulia. Laiti wazazi watano tu wangeitwa wiki moja kabla, viti vile vingekatwa miguu, vibuyu chirizi vingetengenezwa nyuma ya madarasa ya watoto wadogo, na suala la maji lingefikishwa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa mamlaka ya maji kabla ya kengele ya kwanza. Mambo haya hayaonekani kutoka ofisini, hata ofisi ikiwa ya halmashauri yenyewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sasa nije kwenye fedha, maana ndipo maelekezo mengi mazuri hukwamia. Tangu Serikali ilipoondoa ada na michango ya lazima kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, shule ya msingi hutegemea ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo shilingi 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu, kwa hiyo zinazoingia kwenye akaunti ya shule ni 6,000. Ukizigawanya kwa miezi 12 unapata shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Humo ndimo mwalimu mkuu anapotarajiwa kupata chaki, karatasi za mitihani, matengenezo madogo ya madawati na vitasa, michezo na shajala ya ofisi. Mwezi Juni 2020, humohumo zikaongezeka ndoo, sabuni, vitakasa mikono na maji. Hesabu hiyo haikai sawa hata kwa mtu mwaminifu kuliko wote.

Wala mwalimu mkuu hakuweza kuwaomba wazazi. Katazo la michango lilirudiwa kwa ukali Januari 2018, walimu wakatakiwa wasishike kabisa fedha za wazazi, na kila mwalimu aliyekuwapo anajua wenzake walivyopoteza vyeo kwa ajili ya jambo hilo. Naliunga mkono katazo lile kwa sababu nililiona lililokuwa likitendeka kabla yake, mtoto akirudishwa nyumbani kwa deni la mlinzi. Hata hivyo, lilimwacha mwalimu mkuu akiogopa hata kuwaambia wazazi kwamba shule haina sabuni, na katika shule yetu walikuwapo wazazi wenye maduka ambao wangeleta katoni nzima kesho yake bila kuombwa mara mbili. Njia halali ya kupokea mchango wa hiari ipo, nayo inapita kwa jamii na uongozi wake, mwalimu akiwa amebaki na kazi ya kufundisha. Kamati iliyoitishwa mapema ingeweza kuisimamia njia hiyo hadharani, ikaandika kila katoni kwenye daftari na kulibandika ukutani. Kamati ambayo haikuitwa haikuweza.

Kuna jambo jingine linaloonyesha vizuri zaidi kwa nini tarehe moja na agizo moja haviwezi kuitosha nchi nzima. Ili kufidia muda uliopotea, iliagizwa kwamba saa za masomo ziongezwe kwa saa 2 kila siku. Kwa shule yenye vyumba vya kutosha, agizo hilo lilikuwa na maana. Lakini ninyi mnazijua shule za Mbagala, Chanika, Majohe, Kivule na Gongo la Mboto. Kigezo cha Serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa, kwa hiyo shule ya wanafunzi 1,800, ambayo kwa kata hizo haimshangazi mtu, ingehitaji vyumba 40. Kwa kuwa haina hata nusu yake, watoto husoma kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana, na kundi la mchana huingia chumba ambacho kundi la asubuhi limetoka dakika chache zilizopita. Mkiongeza saa 2 kwa kila zamu, wa asubuhi wataanza giza halijatoka na wa mchana watatoka limeshaingia. Mtoto wa miaka 8 atavuka barabara ya magari ya mchanga akiwa peke yake, au atabaki kituoni akikimbiwa na makonda ambao hawana hamu ya nauli ya mwanafunzi ya shilingi 200. Na kadiri saa za zamu zinavyorefushwa, ndivyo nafasi ya kufungua madirisha na kufuta madawati kati ya kundi na kundi inavyopotea, ilhali hilo ndilo lililokuwa shina la kinga yenyewe.

Kamati ya shule ya namna hiyo ingeweza kusema jambo la maana sana: kwamba darasa la saba, lililokuwa na mtihani wa taifa Oktoba mwaka ule, liongezewe saa, madarasa ya chini yasiongezewe, na Jumamosi moja moja itumike kwa wanaohitaji. Nilisikia walimu wakiyasema hayo ofisini mwao, na wazazi wakiyasema nje ya geti. Hapakuwa na kikao ambacho maneno hayo yangeingia, yakaandikwa kwenye muhtasari na kupelekwa kwa Afisa Elimu Kata yakiwa na saini.

Kuhusu vyoo sitasema mengi. Vigezo vyenu wenyewe ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Shule ile ya wanafunzi 1,800, nusu wakiwa wasichana, ingehitaji matundu 81. Nendeni mkahesabu.

Taarifa ndiyo iliyotuumiza zaidi. Kumbukumbu za dunia zilibaki na wagonjwa 509 na vifo 21 vya Tanzania tangu Mei 2020, na kwa zaidi ya mwaka mmoja takwimu mpya hazikutolewa. Mzazi alitakiwa aamue kumpeleka mtoto shule bila kujua hali ikoje katika kata yake, na mwalimu mwenye kisukari au aliyebakiza miaka miwili kustaafu alitakiwa asimame mbele ya watoto zaidi ya 100 bila kujua. Palipokosekana taarifa rasmi ziliingia sauti za WhatsApp, na kila mtaa ukawa na orodha yake ya waliokufa, ya kweli na ya kubuni. Rais Samia Suluhu Hassan alipounda kamati ya wataalamu mwaka 2021 na takwimu kuanza kutolewa tena, watu walipumua, na naamini wale waliokubali chanjo ilipoanza Julai mwaka huo walisaidiwa pia na uwazi huo. Mwenyekiti wa kamati ya shule hahitaji majina ya wagonjwa. Anahitaji kuambiwa kila wiki na Afisa Afya wa Kata kama homa na vikohozi vinaongezeka au vinapungua katika zahanati ya eneo lake, ili anaposimama mbele ya wazazi aseme neno analoweza kulitetea.

Najua pingamizi litakaloletwa, kwa sababu nimelisikia mara nyingi: kwamba kamati zetu ni dhaifu, wajumbe hawana elimu ya kutosha, vikao havitimizi akidi, na wengine wanaingia kwa ajili ya siasa au posho. Yapo. Nimekaa kwenye vikao hivyo, nimewaona wanaosaini mahudhurio na kuondoka. Lakini tazameni yaliyofanyika mwaka 2021. Kupitia Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19, uliotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa zaidi ya shilingi trilioni 1.3, Serikali iliamua kujenga vyumba vya madarasa 15,000, vikiwamo 12,000 vya sekondari na 3,000 vya vituo shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya shule mama, kila chumba kwa shilingi milioni 20. Kazi hiyo haikukabidhiwa makampuni makubwa. Shuleni ziliundwa kamati za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi, wananchi wakaingia humo, wakahesabu mifuko ya saruji, wakakagua nondo, wakakataa mchanga wenye udongo, na madarasa yakasimama kwa wakati kwa ajili ya kidato cha kwanza cha Januari 2022. Ikiwa mzazi wa kata aliaminiwa na milioni 20 za fedha za umma, hakuna sababu ya kutomwamini na swali la ndoo za kunawia ziwekwe wapi na zamu zipangwe vipi.

Udhaifu wa kamati unatibika kwa kuzipa kazi ya kweli. Mtu mwenye shughuli zake hawezi kuacha kibanda chake cha biashara Temeke aje kusikiliza taarifa ambazo zimekwisha kuamuliwa. Akijua kwamba leo kikao kitaamua kama mtoto wake ataingia asubuhi au mchana, atakuja, na atakuja na jirani yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo nimelifikiria kwa muda mrefu. Kamati zikipewa kauli, shule za mitaa yenye uwezo zitafunguliwa haraka na kwa mpangilio mzuri, na shule za mitaa maskini zitachelewa, na hivyo waliokuwa nyuma watazidi kubaki nyuma. Ni kweli kama kauli hiyo itakuwa ya kufunga bila mwisho. Ndiyo maana siombi kamati iwe na mamlaka ya kukataa kufungua. Tarehe ya taifa iwepo, na Wizara zenye dhamana ziitangaze. Ninachoomba ni kwamba, baada ya tarehe hiyo kutangazwa, kamati ikague shule pamoja na Afisa Afya wa Kata na mwalimu wa afya, ijaze fomu fupi ya maji, vyoo, idadi ya wanafunzi kwa chumba na afya ya walimu, na pale inapokuta upungufu unaohatarisha maisha iweze kuomba wiki moja, isiyozidi hapo, na halmashauri ilazimike kutumia wiki hiyo kuleta kilichokosekana. Shule yenye upungufu mkubwa ndiyo ingepokea kwanza, kabla ya wenye uwezo. Kwa utaratibu wa sasa, shule maskini hufunguliwa siku moja na nyingine zote ikiwa haina kitu, na hakuna karatasi popote inayoonyesha kwamba haikuwa na kitu.

Fedha ya kazi hiyo haihitaji kuwa kubwa. Halmashauri zetu zina mapato ya ndani ambayo nyingi za mikoani zinayatamani. Mnaweza kutenga fungu dogo la dharura ya afya shuleni, liwe linapelekwa kwenye akaunti ya shule kwa idadi ya wanafunzi mara tu tarehe ya kufungua inapotangazwa, kama ruzuku inavyoingia moja kwa moja tangu mwaka 2016, na matumizi yake yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wiki hiyohiyo. Naomba pia watoto wenye mahitaji maalumu walio katika vitengo vya shule zetu wapewe mstari wao kwenye fungu hilo. Mtoto kiziwi anayesoma midomo hakuweza kumfuata mwalimu aliyevaa barakoa, na asiyeona husoma kwa kugusa, na hakuna aliyetuambia tufanye nini.

Kwa upande wa sekondari, hali ya bodi inanisikitisha zaidi. Kamati ya shule ya msingi angalau huchaguliwa kwenye mkutano wa wazazi, watu wakinyoosha mikono uwanjani. Bodi za sekondari wazazi wengi hawawajui wajumbe wake wala hawajui wamepatikanaje, na mihtasari yake haionekani. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliporuhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito kurejea katika mfumo rasmi, bodi zilipaswa kuwa za kwanza kuwatafuta mabinti waliopotea wakati wa kufungwa kwa shule, kwa majina na kwa mitaa yao. Naomba kila bodi iwe na wazazi wasiopungua watatu waliochaguliwa na wazazi wenyewe, majina yao yaandikwe ukutani pamoja na tarehe ya kikao kijacho, na muhtasari wa kila kikao ubandikwe baada ya kuthibitishwa, isipokuwa yale yanayohusu nidhamu ya mtoto mmoja mmoja.

Waheshimiwa, hakuna lolote kati ya haya linalosubiri sheria mpya ya Bunge. Mkurugenzi anaweza kumwandikia kila mwalimu mkuu na mkuu wa shule barua moja, ikimtaka aitishe kikao cha kamati au bodi ndani ya siku 3 tangu kutangazwa kwa kufungwa au kufunguliwa kwa shule, na mkutano wa wazazi kwa madarasa, kwa makundi madogo na mahali pa wazi, kabla ya siku ya kwanza ya masomo. Afisa Elimu Kata anaweza kuifanya fomu ya ukaguzi kuwa sehemu ya taarifa anayoipeleka kila robo mwaka, ili mlipuko utakapotokea shule ziwe tayari zinaijua. Wathibiti Ubora wa Shule wanaweza kuitazama fomu hiyo kila wanapozuru. Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ni mwenyekiti, inaweza kupokea majumuisho yake na kusema hadharani ni shule ipi haina maji.

Naomba ombi hili lijadiliwe katika vikao vyenu vya bajeti ya mwaka wa fedha ujao, na majibu yake, yawe ya kukubali au ya kukataa pamoja na sababu, yapelekwe kwa Maafisa Elimu Kata na kubandikwa kwenye mbao za matangazo za shule zote za Serikali za mkoa huu, ili wazazi wayasome na kuyajadili kwenye mkutano wao wa kwanza baada ya shule kufunguliwa Januari.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mzazi, na mjumbe wa zamani wa kamati ya shule ya msingi,
Dar es Salaam